Kirikuu kwenye Milima ya Pemba: Breki, Maji na Chumvi ya Mwani

Gari iliyokwenda vizuri Unguja si lazima iende vizuri Pemba. Hilo ndilo la mwanzo ninalomwambia kila anayenijia kutaka ushauri wa kununua kirikuu, hizi pikapu ndogo za mizigo za Japan. Kule mjini unaweza kuizungusha gari asubuhi nzima, Mwanakwerekwe, Amaan, Darajani, Bububu, usikutane na mlima wa kukushughulisha. Huku kwetu, tangu unapoiacha bandari ya Mkoani kuelekea Chake Chake, ni kupanda na kushuka: kilima cha mikarafuu, bonde la mpunga, kilima tena. Injini yenyewe ni ya pistoni tatu, cc 658. Ukiitia magunia ya mwani nyuma na jua la kaskazi juu, maradhi yaliyokuwa yamejificha Unguja yatajitokeza kabla hujafika Chake.

Yangu ni Suzuki Carry ya mwaka 2006, ile ambayo namba yake ya chesisi inaanza na DA63T. Kazi yake kubwa ni mwani: kuuchukua kwa kina mama wa pwani za Micheweni na kuupeleka kwenye maghala ya wanunuzi Wete. Msimu wa karafuu ukiingia hubeba karafuu. Katikati hapo ndizi, muhogo, saruji, vitanda vya maharusi, chochote kinacholipa. Kabla yake nilikuwa nakodi, na mwenye kukodi siku zote humfanyia kazi mwenye gari.

Aliyeniuzia, mtu wa Unguja, aliniapia kuwa ilikuwa gari ya mikate. Niliinua zulia la mpira upande wa abiria nikakuta chumvi imeganda kwenye maungio ya bati, na magamba mawili matatu ya samaki. Sikumgombeza. Nilimwonesha, akacheka, tukaanza kuzungumza bei upya.

Nilikuwa nimeomba niione asubuhi mapema kabla haijawashwa, na nilipofika nikainua kiti nikaigusa injini kuhakikisha ni baridi kweli. Injini iliyokwisha pashwa moto inasitiri mengi: moshi wa buluu wa mwanzo, sauti ya cheni inayogonga, betri dhaifu. Nikafungua kifuniko cha rejeta, yaani pale maji ya injini yanapopozwa, nikatia kidole. Nikachomoa kijiti cha oili nikaitizama rangi, maana oili iliyogeuka kama maziwa maana yake maji yameingia, na hapo unashukuru na kwenda zako. Nikapitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye milango na kwenye pembe za bodi. Inapokataa kushika, chini ya rangi pana pati, ile lipu ya kuzibia mabonde, na si bati. Nikalala chini na bisibisi nikaigonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma nikisikiliza. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza.

Kuna jambo jengine ambalo wanunuzi wengi hulipita. Mafundi wa Japan, wakishabadilisha oili, hubandika stika ndogo mlangoni au karibu na injini yenye tarehe na kilomita. Watu huiona wakaipuuza kwa kuwa maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni hizi hizi zetu. Cha kujua ni kwamba mwaka wao mara nyingi huandikwa kwa enzi ya mfalme. Enzi ya Heisei ilianza 1989 ikamalizika 2019, kwa hiyo unachukua namba ya mwaka unajumlisha na 1988. Yangu ilikuwa na stika imeandikwa 24, yaani 2012, na kilomita zilizoandikwa pale zilikuwa nyingi kuliko zilizokuwa zikisomeka kwenye dashibodi siku ninayoinunua. Gari imezeeka, mita imerudi utotoni. Hilo nalo likaingia kwenye bei.

Pesa ya matengenezo nilikuwa nimeitenga mbali, karibu theluthi ya bei ya gari, na sikuigusa kwa kitu chengine. Anayemaliza akiba yote kwenye kununua, akategemea gari yenyewe itafute pesa ya kujitengeneza, ataibebesha mzigo ikiwa mgonjwa, na itakufa mikononi mwake. Mdogo wangu alitaka tuanze na redio na rimu. Nikamwambia, "Redio haishuki mlima." Alininunia mpaka Mkoani.

Tulianza na breki.

Fundi wa mwanzo niliyemwendea Chake aliikanyaga pedeli, akaendesha hatua chache, akasema, "Breki zipo, sheikh. Tia pedi za mbele tu." Zilikuwapo kweli, gari ikiwa tupu. Nikamwomba afungue na dramu za nyuma. Hakupenda, kwa sababu dramu zilizokaa muda mrefu hushikana na kutu na kuzing'oa ni kazi ya nyundo na subira, lakini alifungua. Silinda ndogo ya kushoto inavuja, viatu vya breki vimelowa mafuta chepechepe. Ya kulia imekwama kabisa, haisogei. Maana yake kazi yote ya kusimama ilikuwa ikifanywa na mipira miwili ya mbele. Ukishateremka na mzigo, zile pedi mpya alizotaka kunitilia zingepata moto peke yao mpaka zishindwe.

Tukafuata paipu ya chuma inayopeleka mafuta ya breki nyuma. Sehemu inayopita juu ya difu, ile gia ya kati ya mipira ya nyuma, pale maji na mchanga wa mipira hurukia, ilikuwa ikibanduka maganda kwa kukwanguliwa na ukucha. Paipu hiyo haivuji kidogo kidogo ikakupa taarifa. Hupasuka siku unayokanyaga kwa nguvu, na siku unayokanyaga kwa nguvu ndiyo siku unayoihitaji. Tukatia mpya, silinda mbili mpya, viatu vipya, na mafuta yote tukayamwaga.

Haya mafuta ya breki yana tabia ambayo madereva wengi hawaijui. Hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ya kisiwani haina uhaba wa unyevu. Yakishakunywa maji mengi, kwenye mteremko mrefu breki zinapochemka, yale maji nayo huchemka ndani ya paipu yakawa mvuke. Mvuke unaminyika, hausukumi kitu, pedeli inazama mpaka chini na gari inakwenda. Ndiyo maana mimi hubadilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili hata kopo likionekana limejaa na rangi haijawa mbaya. Na nateremka kwa gia niliyopandia. Kuna vijana wanatia nyutro kwenye mteremko ili kuokoa petroli. Gari hizi zenye mfumo wa kompyuta hukata petroli zenyewe ukiteremka na gia bila kukanyaga mafuta, kwa hiyo hawaokoi kitu, wanaondoa tu breki ya injini.

Sasa maji. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko popote, na hapa ndipo kirikuu nyingi za Pemba zinapofia.

Kwenye Carry, injini iko chini ya viti na rejeta iko mbele kabisa. Maji husafiri kwa paipu ndefu za chuma zinazopita chini ya sakafu, kwenda na kurudi, zikiwa wazi kwa kila kinachoruka kutoka barabarani. Safari za mwanzo za kupima, bila mzigo, nilihisi kiti kimekuwa cha moto kuliko kinavyostahili huku dashibodi ikiwa haijasema kitu. Dereva wa kirikuu ana kipima joto chake makalioni, na aamini hicho. Nikaegesha kivulini, nikaiacha injini ingurume kidogo taratibu kisha nikaizima, na kifuniko cha rejeta sikukigusa. Maji yaliyomo mle yamebanwa kwa mgandamizo, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi joto 110 bila kuchemka. Ukiyaondolea kifuniko yanachemka yote kwa mara moja, usoni mwako. Nimemwona mtu mwenye alama hizo shingoni na kifuani.

Niliipeleka kwa fundi mwengine, mzee wa Wete, ambaye mpaka leo ndiye fundi wangu. Hakushika spana mpaka alipouliza: inachemka mlimani au tambarare? Ikisimama au ikienda? Maji yanapungua au yanabaki? Ikichemka tambarare imesimama, tizama feni. Ikichemka mlimani na inakwenda, tizama rejeta na mzunguko wa maji. Yakipungua na huoni tone chini, tizama gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloki. Maswali matatu, na tayari amekwisha kata njia nusu.

Alianza na gasketi, maana kama imeungua mengine yote ni kupoteza wakati. Kifuniko kiko wazi, injini baridi inawashwa, anatizama kama mapovu yanapanda bila kukoma. Hayakupanda. Alhamdulillahi, kwa sababu silinda hedi ni ya alumini, ikipata moto sana hupinda, na ikipinda ni kuifungua na kuivusha Unguja ikasawazishwe kwenye mashine, gari ikiwa imelala.

Kisha akafungua nyumba ya themostati akaikuta tupu. Mtu ameitoa. Akatikisa kichwa: "Hawa wanasema nchi ya joto haitaki themostati." Ni imani iliyoenea sana, na kwa maoni yangu ni dawa ya fundi aliyechoka kutafuta ugonjwa. Themostati huyazuia maji yasizunguke mpaka injini ifike nyuzi joto 80 na kidogo, kisha hufunguka. Ikitolewa, injini inachelewa kupata joto lake la kazi, kompyuta inaendelea kudhani ndiyo kwanza imewashwa, inaongeza petroli, na oili inachafuka mapema. Hayo yote unayalipa kila siku, na mlima ukija bado inachemka, maana ugonjwa ulikuwa kwenye rejeta iliyoziba.

Na rejeta ilikuwa imeziba kweli. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai, na baada yake tope. Alipoikata tangi la juu, vijinjia vya ndani vilikuwa vimejaa ukoko mweupe. Hapa lazima niseme juu ya maji yetu. Upande wa Micheweni ardhi ni maweni, mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yanayopita kwenye mawe hayo hubeba chokaa. Chokaa ileile inayoganda ndani ya birika la chai ndiyo inayoganda ndani ya rejeta. Visima vya karibu na pwani vina chumvi juu yake. Dereva anayesimama kila kijiji kuomba ndoo ya maji kwa wema kabisa anaijenga nyumba ya mawe ndani ya injini yake.

Tulinunua rejeta nyengine, themostati mpya, kifuniko kipya (mpira wa ule wa zamani ulikuwa mkavu, haushiki mgandamizo, na kifuniko kibovu peke yake kinatosha kuichemsha gari nzima), hozi mbili, na paipu moja ya chini iliyokuwa ikitoa jasho la kutu. Tukatia kulanti nusu kwa nusu na maji. Watu wananicheka: "Kulanti ni ya nchi za barafu!" Ile kuzuia kuganda ndiyo, hatuihitaji. Tunaihitaji kwa sababu ina dawa ya kuzuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji ninayochanganyia ni ya mvua, niliyoyakinga wakati wa masika baada ya bati kuoshwa na mvua za mwanzo, na nikayachuja. Hayana chokaa na hayana bei.

Jambo la mwisho kuhusu maji, ambalo limewaumiza wengi waliotia rejeta mpya na gari ikachemka siku ileile: upepo. Kwa vile paipu ni ndefu na zimelala, hewa hunasa ndani. Unaona rejeta imejaa, kumbe injini ina mfuko wa hewa juu. Mzee aliiegesha gari pua juu, kwenye kilima kilicho nje ya gereji yake, akafungua hita mpaka mwisho wa moto, akaiwasha na kifuniko wazi, akaendelea kujaza taratibu. Kila mara ilikuwa ikicheua kisha inakunywa. Aliiacha hivyo mpaka themostati ikafunguka na hozi ya pili ikapata moto mkononi, akajaza tena, akafunga. Kesho yake asubuhi, injini baridi, tukaongeza kidogo. Tangu hapo imepanda milima na mzigo na kiti kimebaki kuwa kiti.

Mkanda wa taimingi, ule unaozungusha valvu zifunguke kwa wakati wake, haukutusumbua, ingawa fundi mmoja alikuwa ameniandikia kwenye orodha yake "timing belti mpya" na bei yake. Carry za zamani za injini F6A ndizo zenye mkanda. Hii yangu ina K6A, na K6A ina cheni. Namba ya injini imepigwa kwenye injini yenyewe. Isome kabla hujalipia kitu ambacho gari yako haina. Inachotaka cheni ni oili safi kwa wakati. Mimi humwaga oili kila kilomita 3,000 na chujio hapohapo, karibu lita 3 tu, na sijui kwa nini mtu mwenye gari ya kumlisha aone uchungu kwa lita 3.

Baada ya hapo ikaja kazi isiyokwisha, chumvi.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na siku hizi Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Kwa hiyo tuna miaka mingi ya kuona gari zikiliwa. Mwani hata ukiwa mkavu una chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Gunia ulilolipakia asubuhi kavu, jioni linaweza kuwa linatoa machozi. Machozi hayo huteremka kwenye bodi ya nyuma, yanaingia kwenye matundu ya kutolea maji ambayo tayari yameziba kwa vipande vya mwani na mchanga, yanasimama pale, na kazi inaanza. Juu ya hayo, baadhi ya gari zinakuja kutoka mikoa ya Japan yenye theluji ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo kutu imeshapata mwanzo kabla haijapanda meli.

Fundi bodi alikwangua chini kwote kwa brashi ya waya na msasa, akakata kipande cha sakafu kilichooza na kuchomelea bati jipya, akapaka dawa ya kutu, kisha redi oksaidi mikono miwili, kisha rangi nzito nyeusi ya chini ya gari. Sikumruhusu apake juu ya kutu iliyobaki. Rangi juu ya kutu ni kuifunika ili ile kwa faragha.

Tatizo lilikuwa ndani ya chesisi, kwenye mapango ambayo brashi haifiki. Wengi humwagia oili chafu. Mimi sipendi: inachuruzika kwenye viatu vya breki, inalainisha mipira na bushi, na mvua ikinyesha inakwenda kwenye mashamba na visima vya watu. Nilikuwa nikilalamika hayo barazani Wete mbele ya mzee mmoja fundi wa mashua. Akanitizama kama mtoto.

"Mwanangu, chombo kinachokaa kwenye chumvi hupakwa sifa. Gari yako imezidi nini?"

Sifa, kwa wasioijua, ni yale mafuta ya maini ya papa ambayo majahazi na mashua zetu hupakwa ubaoni tangu enzi za mababu, na chini ya maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Sikuwa na la kumjibu. Nikatafuta sifa, nikaichuja, nikaipuliza kwa bomba ndani ya chesisi kupitia matundu yake. Imeshika, inapanda kwenye mianya yenyewe, na nikichungulia kwa tochi chuma bado kimelowa. Harufu, sasa. Kwa wiki kadhaa paka wa mtaa mzima walihamia chini ya gari yangu, na bibi mmoja wa karafuu akakataa katakata kupakia: "Karafuu zangu zende zikanuke papa?" Alikuwa na haki. Ukitaka kufanya hivyo, fanya mwezi ambao huna mzigo wa karafuu.

Kinachosaidia kuliko dawa zote ni maji matamu. Kila jioni niliyobeba mwani, gari inaoshwa chini, si juu. Ninaingiza mpira wa maji kwenye matao ya mipira, juu ya difu, kwenye majani ya springi, na nazibua matundu ya bodi kwa waya. Juu ya bodi nimetandika fito, juu ya fito turubai lililokunjwa kingo ili machozi ya mwani yatoke nyuma yasiguse bati. Gari ya jirani yangu inang'aa juu kwa shampuu kila Ijumaa na chini inadondoka vipande.

Umeme nao uliliwa na chumvi hiyohiyo, lakini hilo ni jepesi. Stata ilikuwa nzito, nikaambiwa ninunue betri. Kabla ya betri tulifungua waya wa ethi unaofungwa kwenye chesisi, tukausugua mpaka ukang'aa, tukamwagia maji ya magadi kwenye ncha za betri kuondoa ule unga mweupe, tukakausha na kupaka mafuta ya mgando. Betri ileile ilifanya kazi mwaka uliofuata.

Mipira usiitizame uso tu. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3511 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2011. Ile niliyokuja nayo ilikuwa na meno mazuri na umri wa mwanafunzi wa skuli ya msingi. Nilitia ya kazi, yenye maandishi 145R12 na 6PR, si ya gari za kutembelea.

Hilo linanipeleka kwenye mzigo. Kwao Japan gari hizi zinaruhusiwa kubeba kilo 350. Hapa kila mtu atakushauri uongeze majani ya springi, kisha upakie mpaka juu. Mimi nimeongeza jani moja kila upande, na hapo nikakoma. Springi ikiongezwa gari haikai chini, basi macho yanadanganyika. Lakini breki ni zilezile, beringi zilezile, klachi ileile, chesisi ileile iliyokwisha kuonja chumvi. Kina mama wa mwani walikasirika mwanzo kwa kuwa nakwenda safari mbili pale wengine wanapokwenda moja. Siku hizi wananingoja, kwa sababu siku ya kupima mwani ghalani gari yangu hufika.

Spea Pemba si nyingi. Vitu vidogo utapata Chake au Wete: plagi, chujio, pedi, mikanda. Vyengine ni kuagiza Unguja, au Dar es Salaam, na kupokea kwa boti. Nikiagiza, natuma picha ya kifaa cha zamani pande zote, picha ya bamba la chesisi, na kipimo kwa rula pembeni yake. Duka likikwambia "Carry zote sawa," tafuta duka jengine. Na kifaa cha zamani usikitupe mpaka kipya kimefungwa na kimefanya kazi, maana kurudisha kitu kwa boti ni nauli mara mbili.

Kwa fundi, nimejifunza kusimama pale na kunyamaza. Unasimama ili uone kilichofunguliwa na kilichotiwa, unanyamaza ili afikirie. Nalipa kazi siku ileile, na nakataa kupunguziwa kwa kutiwa kifaa cha mtumba mahali pa breki. Sehemu nyengine mtumba wa Japan unakubalika, alteneta, stata, taa, milango, na pengine ni bora kuliko kipya cha bandia. Kijana anayeniendeshea siku nikiwa na shughuli hapewi ufunguo mpaka ainue kiti, asome oili na maji, aandike kwenye daftari. Mwanzo alikuwa akiandika "sawa" bila kuinua. Nikaanza kubandika noti ya elfu moja chini ya kiti baadhi ya siku. Anainua.

Iliyobaki ni klachi. Imeanza kushikia juu, na kwenye kilima cha kutoka bondeni inateleza nikiwa na mzigo kamili. Mzee ameshaniambia niagize pleti, kava na beringi yake vyote kwa pamoja, kwa sababu kazi kubwa ni kuteremsha gia boksi, na hakuna akili ya kuiteremsha mara mbili kwa ajili ya beringi. Na kwa kuwa itakuwa chini, atabadilisha na sili ya nyuma ya injini, ambayo inatoa unyevu kidogo. Vimeshalipiwa, vinakuja na boti ya wiki hii. Nangoja bamvua lipite, kina mama waanue mwani na niumalize kuuhamisha, kisha gari iingie gereji.